Mkono wa Kushoto

Okabe alikuja Newala kutengeneza pampu.
Jioni, mikono ikinuka grisi, alichonga mlima wa kwao
kwenye kipande cha mbao kisichozidi sahani.
Akanifundisha: rangi moja, ubao mmoja.
Wino ukorogwe na uji mwembamba wa mchele.
Usiilazimishe patasi. Iache ifuate mshipa wa mti.

Baba, mchonga mpingo, angeicheka mbao hii laini.

Okabe akaondoka. Kisugulio alichoniachia
kilipochanika nikakivika ganda la mgomba,
nikasugua mgongo wa karatasi kwa mduara,
kama mtu anayemkanda mtoto tumbo.

Mwaka mzima nimechonga Shimo la Mungu.
Mbao saba. Ubao wa kwanza mistari,
wa pili udongo mwekundu wa mteremko,
wa tatu mikorosho, wa nne ukungu wa saa kumi na mbili
(huo niliufuta nusu kwa kitambaa cha maji
usijue unaishia wapi),
na Ruvuma mbali kule, uzi tu,
buluu iliyonila karatasi kumi na moja.

Njia ya maji sikuipaka kitu.
Niliichimba. Palipochimbwa, karatasi hubaki nyeupe.

Nikampelekea mama, Bi Somoe Nampuluka,
aliyeshuka pale na ndoo kichwani
tangu hajavunja ungo mpaka bomba lilipofika.
Hakusifu. Aliweka kidole juu ya weupe,
akapanda nao polepole, pumzi zikimbana,
kidole kikasimama.

"Hapa pana jiwe. Tulikuwa tunapumzika.
Liko mkono wa kushoto.
Wewe umeliweka kulia."

Ubao huzaa kinyume. Okabe alinionya siku ya kwanza.
Mbao saba, na mteremko mzima umegeuka!
Nikaanza kuikunja.

"Lete."
Akaishika pembe mbili, akaigeuza,
akaisimamisha dirishani.
Karatasi nyepesi; jua likapenya.
Jiwe likarudi kushoto.
Ukungu, kwa mara ya kwanza, ukawa na maji ndani yake.

"Mh," akasema. "Asumini alikuwa anakaa hapa,
ana mimba ya Fikiri, anaitukana ndoo."

Nimeitundika hivyo hivyo, kwenye kioo, mgongo kwetu.
Wageni huuliza
mbona jina langu linasomeka kinyume.