Kilo Sabini na Mbili

Kazi yangu ni pumzi.
Miaka thelathini na mmoja katika chumba hiki cha chini,
Wrocław, madirisha usawa wa viatu vya wapita njia,
nawapulizia kioo watu wanaojua kwa nini.
Mimi najua vipi tu.

Jagna ameleta kikombe chake cha kauri:
seriamu kidogo, kobalti kidogo, indiamu tele,
chuma laini hiki, wembe hukipita kama jibini.
"Nizibie, Bwana Bożydar, isiingie hata chembe ya hewa."
Nitaziba, namwambia, mpaka hewa ikate tamaa.

Kioo cha kwatzi hakina haraka.
Hukaa ndani ya moto kikikutazama, kikaidi,
kisha ghafla, cheupe, kinalegea
kama mtu mzima aliyeombwa radhi.
Nakivuta. Nakisokota. Nakinyonga shingo.
Humo sasa hamna kitu,
na huko kutokuwa na kitu ni kazi ya mikono yangu.

Tanuri likapoa wiki tatu,
digrii mbili kwa saa, polepole kuliko kinyongo.
Zikatoka fuwele bapa, ndogo kama kucha za mtoto,
ukiinama unajiona jicho.

Nje mto Odra umeganda, watu wanasema baridi.
Baridi iko huku, ndani ya pipa la heliamu
linalotweta ukungu mweupe kando ya meza ya Jagna.
"Katika waya wa shaba," ananiambia akipuliza chai,
"elektroni hupita kama wanafunzi kengele ikilia.
Humu zinakuwa nzito. Mara mia."
Zimekula nini?
Anacheka, chai inamwagika kwenye daftari.
"Hazijaongezeka kitu. Itoe nje uipime, ni ileile.
Ila humu kila atomu ya seriamu huishika mkono,
huiuliza habari za huko itokako,
nayo haiwezi kupita bila kujibu."

Sikusema neno.

Tangu Februari, Halszka alipozikwa,
natembea kutoka kituo cha tramu hadi nyumbani
na duka la mikate hunishika mkono,
na famasia, na ile benchi yenye ubao uliovunjika
ambao kila juma aliapa ataandikia manispaa.
Daktari alinipandisha kwenye mizani:
sabini na mbili, zilezile za mwaka jana.
"Hujapungua, hujaongezeka," akasema, ameridhika.
Nikavaa viatu vyangu kwa dakika nne.

Saa tano usiku mstari kwenye skrini ukaanguka.
"Hapa," Jagna akaweka kidole, kucha imetafunwa,
"digrii mbili na nukta tatu juu ya mwisho wa baridi,
nzito hizi hushikana mbili mbili
na ukinzani unakwisha.
Haupungui, Bwana Bożydar. Unakwisha."
Zinashikana kwa nini?
Akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia
kwa mtu mwenye shahada nyingi kiasi hicho.
"Hatujui," akasema. "Si sawasawa."

Nilimpenda kwa jibu hilo.

Nikauliza basi jambo jepesi: seriamu hutoka wapi?
"Nyota zee. Zilivimba, zikawa nyekundu,
zikaipika punje kwa punje miaka maelfu,
kisha zikaipumua nje."
Zikaipumua?
"Zikaipumua. Halafu, tazama,"
akaokota kiberiti changu cha gesi mezani,
"hili jiwe lake la cheche, humu pia imo."

Miaka thelathini na mmoja nawasha tochi kwa hicho.

Nikafunga chumba. Kituoni theluji ilikuwa mpya,
hakuna aliyeikanyaga.
Sigara niliacha, Halszka alitaka hivyo,
lakini nikakisugua kiberiti mara moja,
mara ya pili,
cheche ikaruka, ikazimika kabla ya kufika chini.
Ikaja tramu nambari kumi na moja, tupu, taa zote zinawaka.
Nikapanda
na uzito wangu wote.