Aliyeinua Uso

Mkanda wa saba. Anga, anga, ukingo wa paa,
anga, mkia wenye ncha mbili kama mkasi, mkia tu,
mwenye mkia keshatoka nje ya picha.
Naanika negativu bafuni kwa vibanio vya nguo,
na Teofil, jirani aliyekuja kuazima pampu,
anachungulia, anakuna shingo:
"Wiesława, hizi ni picha za kukosa."
Simbishii.

Mbayuwayu wa zizini kwetu hawana subira na kamera.
Wanaingia kwa kioo kilichovunjika, dirisha la upande wa mto Narew,
upenyo wa kiganja,
bila kupunguza mwendo, mbu tele mdomoni,
na makinda watano wanaachama midomo ya manjano
kabla sijaachama wangu kwa mshangao.

Hesabu zao nimejifunza.
Sekunde ukiikata vipande elfu mbili, ukachukua kimoja, bawa linatulia.
Ukiikata mia tano, bawa ni moshi.
Ukiikata sitini hakuna ndege tena, kuna nia tu,
mchirizi wa kaniki juu ya nyasi.

Nililala kifudifudi kwenye tope la bwawa la bata
nikiwangoja waje kunywa. Hunywa wakiruka:
mdomo wa chini unachana maji
kama fundi anayefumua mshono,
na tone moja hubaki nyuma, hewani, halijui liende wapi.
Hiyo nayo niliikosa. Nilipata tone.
Tone ni zuri. Nimelitundika jikoni.

Kaka yangu Zenobiusz hakulala topeni hata siku moja.
Yeye alirusha ndege ya kunyunyizia dawa mashambani,
mabawa mawili, mngurumo wa kinu cha kusaga,
usukani ameubana kwa magoti, kamera kwa mikono yote miwili,
mtu ambaye baiskeli ilimshinda.
Alikufa mwezi wa pili. Kitandani, kwa mapafu, si angani.
Mjane wake akaniletea sanduku la viatu.

Ndani, dunia ya kutoka juu.
Viazi vimesukwa twende kilioni,
mto unajikunja kama mtu asiyetaka kufika,
ng'ombe ni choroko zilizomwagika,
na juu ya vyote hivyo kivuli cha ndege yake,
msalaba mdogo unaopanda mapaa bila ngazi.

Moja ina maandishi ya penseli nyuma: Nyumbani, baada ya mavuno.
Uwanja wetu. Zizi. Kamba ya nguo, mashuka manne.
Kati ya shuka la pili na la tatu, nukta.
Nikachukua lenzi ya kukagulia negativu.
Nukta ina mkono kwenye paji la uso.

Nukta ni mama.

Mama aliyekataa picha maisha yake yote,
aliyegeuka, aliyejifunika kitambaa, aliyesema
"kapige watu wenye meno".
Hapa amesahau kujificha.
Ameuelekeza uso wote kwenye mngurumo ule
na mdomo wake, ingawa lenzi yangu ni ya zamani
na siwezi kuapa,
mdomo wake uko wazi kama wa makinda.

Jioni nilikaa zizini juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kamera mapajani, kifuniko cha lenzi sijakitoa.
Wakapita. Upepo wa bawa ukanigusa sikio.
Karibuni watajipanga kwenye waya wa umeme
wakibishana kama abiria wasio na tiketi,
na asubuhi moja waya utakuwa waya tu.
Wanakwenda kusini, kusini kabisa, anasema Teofil,
ambaye pampu yangu hajairudisha.
Huko nako, nadhani, yupo mtu anayewakosa.