Saba Ni Finjani

Mfumo unafungwa saa nane.
Ni saa saba na robo, Ibra, na kiyoyozi kinakohoa
kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi.
Watoto wameshaondoka na mabasi yao ya manjano.
Nimebaki na majina ishirini na sita
na safu moja ya tarakimu.

Azzan bin Khalfan. Hesabu.
Saba kwa ishirini.

Sikumwonea. Nimesahihisha mara mbili,
mara ya tatu kwa kalamu ya risasi,
nikitafuta pa kumpatia. Hapakuwa na pa kumpatia.
Alipotakiwa saba aliandika nane,
alipotakiwa nane akaandika saba,
kwa kuwa huku kwetu tarakimu hizi ni ndugu:
saba mdomo juu, nane mdomo chini,
na mkono mdogo haujajua bado
upande gani ndio juu ya dunia.

Jumanne ile nilimwita mezani.
"Azzan, hii nini?"
Akaitazama muda mrefu, kama anavyotazama kila kitu.
"Hii finjani, mwalimu. Bado inamiminiwa."
"Na hii?"
"Hapa mgeni keshatosheka. Imefudikizwa."

Kwao wageni hawakatiki, na yeye ndiye mshika dele.
Anajua nani anataka cha tatu na nani ametikisa kikombe,
anajua tende zimebaki ngapi bila kuzigusa kwa kidole.
Mtihani haukuuliza hayo.

Mwezi wa tisa aliletwa amebebwa.
Kiatu kimoja mkononi, kingine sijui wapi,
akalia getini hadi kanzu ikalowa kifuani.
Wiki tatu hakunitamkia neno;
nikimsabahi, ukuta ndio unaoitikia.
Wiki ya nne akaniuliza kwa Kiswahili, kwa kunong'ona,
kana kwamba ni siri yetu wawili iliyovuka maji:
"Mwalimu, choo kiko wapi?"
Enyi mnaopenda takwimu, andikeni na hiyo.

Na siku ya Mundhir.
Mundhir, ambaye maneno humkwama kooni kama mwiba wa samaki.
Alisimama kusoma, ba, ba, ba,
darasa zima likacheka,
na mimi, niseme kweli, mimi nilitazama saa.
Azzan hakucheka. Alisogeza kiti,
akaweka kidole chake chini ya neno lile
akakiacha hapo.
Hakumsomea. Alimngojea.
Neno likatoka. Limechoka, lakini zima.

Natafuta safu ya kungojea.
Ipo ya imla, ipo ya mahudhurio, ipo ya usafi wa daftari.
Kisanduku cha maoni kinapokea herufi sitini;
nikizidisha, kinakuwa chekundu.

Jana alikuja baba yake, dereva wa lori la maji,
kanzu ina tope pindoni.
"Mwalimu, mwanangu kapata ngapi?"
Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aulizavyo bei
ya kitu anachojua hatamudu kukinunua.
Nami nikamjibu nambari,
kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo mkononi.
Usiku kucha nimelijutia jibu lile.
Ningemwambia: mwanao siku hizi huja na viatu vyote viwili.
Ningemwambia: ana kidole kinachojua kukaa
chini ya neno la mwenziwe.
Ningemwambia na saba pia, maana saba ni ya kweli,
na siku moja ataijua, wala si kwa kupigwa.

Saa nane kasorobo.
Naandika saba. Sidanganyi.
Pembeni naandika, nafuta, naandika:
*Anajua kungojea wengine. Naomba nasi tumngojee.*
Nabonyeza. Mfumo unazunguka, unazunguka.

Karatasi yake imebaki mezani.
Naichukua kuitia kwenye faili, inanigeukia mkononi,
na saba yangu nyekundu inakuwa nane.

Nacheka peke yangu.
Kisha naigeuza tena, mdomo juu.
Bado inamiminiwa.