Namba Haihami

Nilishuka na mvua kutoka Kibosho
nikaingia duka la simu nyuma ya soko la Mbuyuni
nikasema: Mwanangu, nataka kadi ya kupigia mbali.
Kadi tu.

Elirehema (jina lilikuwa limebandikwa kifuani)
hakuniuzia kadi. Aliniuzia habari.
"Mama, hamia kwetu. Laini bure, fulana bure,
usiku unaongea mpaka unasinzia."
Akaniwekea fomu, na kalamu iliyofungwa kamba
kana kwamba nayo ilishawahi kujaribu kuhama.

Nikamwambia: Namba yangu haihami.
Imeandikwa kwa mkaa ukutani mwa mashine ya kusaga.
Imo kwenye kadi ya kliniki ya marehemu.
Mwenye dume la mbegu anayo, mchungaji anayo,
na Ndelamio, mdogo wangu, aliyekwenda Mererani kuchimba
na hajarudi wala hajazikwa,
aliikariri kama Baba Yetu.
Siku akipata chaji, atapiga hiyo.
Nani atapokea, fulana?

Akanyamaza. Akavuta droo ya chini
akatoa kadi yenye picha ya dunia, imepauka.
"Hii haijali uko kampuni gani,"
akasema chini chini, kama anayemwibia mwajiri wake siri.
Elfu tano.

Nyumbani nilikaa juu ya gunia la mahindi, ndipo mtandao unaponasa,
nikakwangua kwa sarafu ya shilingi ishirini
ambayo siku hizi haina kazi nyingine.
Namba ya bure kwanza, kisha zile za siri, kumi na mbili,
kisha sifuri sifuri, kisha Norwe, kisha mtoto.
Nikakosea mara mbili.
Mara ya tatu mama mmoja wa ndani ya mashine,
ambaye hajawahi kuchoka maishani mwake,
akasema nina dakika kumi na moja.

Ikaita. Ikaita. Ikakatwa.
Nikaanza upya, tarakimu zote, miwani ikiteleza.
Ikakatwa.
Halafu akapokea, kwa lugha ya huko,
sauti ya mtu anayefukuza mdai.
Nikasema: Aikande.

Kimya.
"Mama? Mbona imeandika namba ya nchi nyingine?"

Mimi niliyeikatalia fomu, niliyeilinda namba kama mbegu,
kumbe nimebisha hodi kwa mwanangu na uso wa kuazima.

Tulicheka dakika mbili nzima, za kulipia.
Akauliza migomba, akauliza kama mlima unaonekana.
Nikasema umejifunika tangu Jumatatu.
Habari za mjomba wake hakuuliza.
Nami sikuwa nazo.

"Dakika moja," akasema yule wa mashine,
akimkata mtoto wangu katikati ya neno.
Neno lilikuwa nita—

Nitakuja, nitatuma, nitapiga, sijui.
Kadi nimeichomeka kwenye ufa wa dirisha, inazuia upepo.
Simu iko kwenye chaji.
Namba ni ile ile.