Akiba

Paneli yenyewe ndogo, sawa na sinia la chai.
Gethin wa jirani alinishikia ngazi,
akaniuliza mara tatu kama nina hakika
kwamba huko ndiko kusini.
Ndugu yangu, nikamwambia, kusini nakufahamu,
ndiko nilikotoka.

Waya ukapenya tundu la fundo la ubao,
ukashuka nyuma ya mashine ya kukata nyasi,
ukapita juu ya makopo ya rangi iliyoganda
hadi kwenye balbu moja,
nyeupe kama jino la mtoto.

Kwetu Dodoma jua tulilikimbia.
Tulilifungia madirisha, tukalisema vibaya,
tukalianikia mtama pasipo asante.
Hapa Wrexham nalisubiri
kama kibarua anavyosubiri ujira getini.
Novemba: dakika arobaini.
Wiki ya mawingu: kumi na moja.
Siku ya theluji sikulipwa kitu;
nikapanda na ufagio wa jikoni
kumpangusa bosi uso.

Nyemo hunicheka kwenye simu.
Baba, umeme wa nyumba uko hatua kumi,
nunua waya mrefu, yaishe.

Yaishe nini?
Taa ya nyumbani haijui kuchoka.
Hii ya kibandani, nikiwa nanoa mkasi,
au nachambua mbegu za mchicha
ambazo huenda zisiote katika udongo huu mzito,
huanza kunywea taratibu,
pembe za banda zinarudi gizani moja moja,
kwanza reki, halafu ndoo, halafu viatu vyangu,
nami najua leo imetosha.
Nafunga mlango. Naingia ndani kula.

Kisha ikaja Juni.
Jua likagoma kuzama hadi saa nne kasorobo usiku.
Betri imejaa pomoni, kitaa chake cha kijani kinanikonyeza,
na giza la kuimulika halipo.
Penye miti hapana wajenzi, wahenga hawakukosea,
ila hawakuwahi kuishi Welisi.

Jumamosi, saa saba mchana,
nilitundika gunia dirishani,
nikaziba ufa wa mlango kwa koti la mvua,
nikakaa juu ya mfuko wa mbolea
na kubonyeza swichi.

Lo! Mwanga wa miezi yote ile,
hadi utando wa buibui nyuma ya reki
nikauona uzi kwa uzi.

Gethin akabisha. U mzima humo?

Mzima, nikajibu.
Nakula akiba.