Namba ya Boksi

Jumatano kompyuta ya duka ilizimika
kama mtu aliyekata kauli.
Lali wa Gadeni akaifungua kwa bisibisi,
akatoa moyo, akatia mwingine,
akanirudishia safi, haina doa,
haina hata kumbukumbu ya jina langu.

Nikatia ile sidii ya programu ya kudarizi
niliyoinunua Mombasa mwaka wa mashine ya kwanza:
bangili mbili za mama
na mchezo wa miezi minane.
Ikazunguka, ikanguruma, ikasimama.
Ingiza namba.
Vijumba ishirini na tano, vitupu,
kama trei ya mayai siku ya kuku kugoma.

Nami mwenye nyumba
nabisha hodi kwangu mwenyewe,
na wa ndani hasemi karibu.
Asema: taja alama.

Boksi! Namba ilikuwa kwenye boksi.
Boksi alilichukua shangazi Mwanamize akatia vifungo,
vifungo vikahamia kopo la maziwa,
boksi likawa kitanda cha paka,
paka akazalia humo mara mbili.
Kibandiko nilikikuta, naam:
herufi tatu
na unyoya.

Risiti? Kwa joto la Langoni
wino hufifia kabla ya deni.
Nikampigia aliyeniuzia; siku hizi auza magodoro.
"Programu sina, mama. Nina ya sita kwa sita."
Nikaiandikia kampuni kwa Kiingereza cha kuazima,
wakajibu upesi, kwa adabu:
tumia anwani ile ile uliyojisajilia.
Ilikuwa ya Famau, mpwa wangu,
na Famau yuko Doha, nywila ameisahau,
akumbuka tu ilikuwa jina la msichana
na hakutaka kulitaja mbele ya mkewe.

Lali akasema: Somoe, mbona wajitesa?
Iko iliyovunjwa kufuli. Dakika tano. Bure.
Nikamtazama.
Beji mia na ishirini zangoja,
Jumatatu shule zafunguliwa,
watoto mia na ishirini, vifua vitupu.
Dakika tano.
Nikasema: hii niliinunua.
Nikijiibia changu, nitamwapiza nani?
Akacheka, akaenda kuswali alasiri.

Usiku nikasafisha mashine,
maana mkono usio na kazi hutafuta kosa.
Kile kitambaa cha kufutia mafuta,
kikuukuu, kigumu kama ngozi ya papa,
kikanikwaruza kidole.
Nikakigeuza.
Chini ya weusi, uzi mwekundu.
Nikakifua kwa sabuni ya mche, maji matatu.

Ndipo nikamkumbuka msichana niliyekuwa
siku ile ya kwanza, mashine yanukia upya,
hajui adarizi nini.
Jina lake aliliona haya.
Aya aliogopa kuikosea.
Boksi lilikuwa karibu na mkono wake,
akadarizi alichokiona,
herufi kwa herufi, kistari kwa kistari,
sufuri akazikata katikati zisidhaniwe O,
na pembeni ua moja la asumini
limepinda.

Hii ni B au nane?
Nikapima mishono kwa ukucha.
B ina mgongo. Nane haina.

Ishirini na nne zikakaa.
Ya ishirini na tano ilikuwa tundu:
panya, au pasi, Mungu ajua.
Nikajaribu A. Ikakataa.
Nikajaribu B.
Jirani alikohoa ng'ambo ya ukuta,
punda akalia uchochoroni, akanyamaza,
akalia tena.
Saa tisa za usiku nilifika W.

Haikusema karibu, haikusema pole.
Ilifungua jedwali la rangi
kana kwamba sikuwahi kutoka.
Namba nikainakili daftarini,
na nyuma ya kabati,
na kwa Famau, Doha, ambaye hakuomba.

Beji ya kwanza ilitoka alfajiri:
samaki, kitabu, jina la shule.
Jicho la samaki lilikaa vibaya.
Nikalifumua.