Gofu na Pagala

Tulitoka Birkenhead Ijumaa, zamu yake ilipokwisha,
Semkiwa bado ananuka maboksi ya ghalani,
mimi mikononi nina losheni ya wazee ninaowaogesha.
Miaka kumi na tisa ya ndoa, hatujawahi kulala hotelini
ila siku ile ndege ilipotuacha Addis.
Kumbe na mvua ilikuwa na safari yake.

Jumamosi nzima ilinyesha Trefor.
Si masika hii, si vuli, haina hata jina la kuigombeza;
inakuja kwa ubavu, kama mtu anayeruka foleni.
Tulikaa juu ya zulia linalonuka mbwa,
tukacheza karata, akaniibia mara mbili, nikajifanya kipofu.
Bi Gwenllian akapanda na sahani ya mayai,
akachungulia dirishani, akasema kesho itapungua.
Alisema kama daktari asemavyo.

Haikupungua. Tukaupanda mlima hivyo hivyo.
Mawe ya kijivu yamemwagika toka kileleni
kana kwamba kuna fundi aliyepindua karai akaenda zake.
Viatu vyangu vya nusu bei vikafumbua midomo.
"Nilikwambia," akasema.
"Uliniambia lini?"
Tukanyamaziana hadi kwenye ukuta.

Ukuta ule!
Unapita kimo cha mtu, hauna saruji, hauna hata tope la kushikizia,
jiwe limekaa juu ya jiwe kwa kuaminiana tu,
miaka elfu mbili.
Na ndani yake nyumba, na nyumba, na nyumba,
za mviringo, zimebaki kiunoni,
kondoo mmoja kajilaza sebuleni kwa watu.

Nikasimama penye mlango, maji yananichuruzika kisogoni,
neno likanitoka lenyewe: "Hodi!"
Yeye alikuwa keshaingia, kachutama ukutani, kofia machoni.
"Karibu," akajibu,
akasogea, kama vile pana kigoda.

Tukamimina chai ya chupa.
Ukinywa funda moja, mbingu inakurudishia mawili.
Kisha akasema, bila kunitazama:
"Ni kama kule Muheza."

Kule Muheza kuta zilifika kwenye renta
mwaka ule bei ya nondo ilipopanda.
Mifuko thelathini aliyotutunzia shemeji
iliganda ikawa mawe, au iliuzwa,
inategemea anayesimulia.
Mpapai umeota chumba cha wageni.
Kila Idi tunatumiwa picha,
tunaikuza kwa vidole viwili, tunahesabu nyufa.

Gofu ni nyumba iliyokwisha kuishi.
Pagala ni nyumba ambayo haijaanza.
Nilifundishwa tofauti hiyo nikiwa mdogo,
nikakatazwa kuchezea ndani ya zote mbili.
Lakini pale juu, mvua ikiingia bila kuchagua,
kwa dakika nzima sikuweza kusema ipi ni ipi.

Semkiwa akainuka, akapima kwa miguu:
hatua tano. Akageuka, akapima tena: tano.
"Watoto, moto, na mbuzi wa mgonjwa, humu humu," akasema.
"Mbuzi gani wa mgonjwa?"
"Hakosekani."
Ramani yetu ina vyumba sita na baraza mbili,
aliichora mwenyewe nyuma ya kalenda
kabla magoti hayajaanza kumlalamikia.

Wakati wa kushuka alinishika mkono penye utelezi,
na tambarare hakuuachia.

Soksi zake zilikauka juu ya dashibodi,
zikiangalia barabara kuliko yeye, aliyekuwa akikoroma.
Karibu na Conwy akafumbua macho.
"Mwanahawa. Tupunguze."

Sikuuliza nini.
Nikapunguza mwendo.